Adolphine Feza na Mali Iliyosomesha Kaka Yake

Adolphine Feza alifariki jana, Jumatano tarehe 30 Septemba 1959, saa kumi na moja alfajiri, huko Kampene, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1936 hapa Alunguli, Kindu, mtoto wa pili wa Baba Henri Kitoga, fundi wa karakana ya reli, na Mama Jeannette, akimfuata kaka yake Ferdinand. Aliingia shule ya masista mwezi wa Septemba 1943, akamaliza darasa la tano mwaka 1948, na kwa kuwa hapakuwa na darasa jingine la wasichana mbele yake, alijifunza kushona, akaifanya kazi hiyo barazani kwa mama yake mpaka alipoolewa, na wengi mlioketi hapa mmevaa nguo zake.

Mwezi wa Juni 1955 Ferdinand alimaliza sekondari, na mambo mawili yakaja katika juma moja: stesheni ilimwitia kazi ya ukarani, yenye mshahara kuanzia mwezi uleule, na chuo kikuu cha Léopoldville kikamkubali asomee jiolojia, elimu ya mawe na ardhi, kwa miaka minne. Bursa ya mwanafunzi ingelipa masomo na chakula, lakini isingelipa safari, sanduku, suti na viatu, wala ule mshahara wa karani ambao nyumba ilikuwa ikiungoja, kwa sababu macho ya Baba Henri yalikuwa yameanza kufifia kwa cheche za karakana. Jumapili tarehe 17 Julai familia ilikaa kupima. Baba mdogo Michel alikuwa upande wa stesheni, akasema: "Mawe iko tele hapa Maniema, hata mbuzi inayakanyaga. Nani atalipa mutu juu ya kuyaangalia?" Watu wakacheka. Ferdinand akajibu kwamba wanaoyaangalia kule Kampene wanajengewa nyumba za matofali, na Michel akamwuliza: "Wewe njo Muzungu tangu lini?" Hapo hakucheka mtu.

Siku zile Célestin, kapita, yaani msimamizi wa wafanyakazi, wa mgodi wa Kampene, alikuwa ameleta mali ya kumwoa Adolphine, mbuzi na fedha, na kwa desturi yetu mali ya dada humwolea kaka mke. Adolphine, aliyekuwa ameketi na wanawake na hakuulizwa neno, akasema: "Baba, musimuolee Ferdinand bibi na mali yangu, mumusomeshe nayo. Akimaliza ataoa mwenyewe." Neno hilo ndilo lililokata shauri.

Alifunga ndoa na Célestin Jumamosi tarehe 20 Agosti 1955, wakakaa Kampene, wakapata mtoto mmoja, Anne, aliyezaliwa tarehe 4 Februari 1957, akafa kwa surua tarehe 9 Juni 1958. Baada ya msiba huo Adolphine alikohoa mfululizo, na mwezi wa Novemba akaanza kutema damu, akaomba arudi kwa mama yake, atibiwe hospitali ya Kindu. Célestin hakukataa. Wazee wake walikataa, wakasema mke akienda kuugulia kwao hufia kwao, na anayemtaka binti yake arudishe mali kwanza. Hiyo ndiyo desturi, na sisi pia tumekwisha kuwaambia wengine maneno hayo. Lakini mbuzi walikuwa wameuzwa, na fedha ilikuwa imekwenda Léopoldville.

Januari 1959 Ferdinand aliandika kwamba anaacha masomo atafute kazi, na Adolphine akamtuma dereva Hamisi, aliyekuwa akija mjini na lori, alete jibu lake: "Ambia kaka asiache. Akiacha sasa, mali yangu imekuliwa bule."

Ferdinand hakuacha. Alipata shahada mwezi wa Julai, wa kwanza katika ukoo huu, na tarehe 1 Septemba akaanza kazi Pangi, si mbali na Kampene, kwa mshahara unaozidi wa karani mara tatu, na usiofikia nusu ya ule wa Mzungu aliyeketi naye darasa moja. Alituma habari Kampene kwamba mwisho wa mwezi atakuja na mali, na Adolphine, ambaye hakuweza tena kusimama peke yake, akaomba nguo zake zifungwe.

Mke ambaye mali yake haijarudi huzikwa kwa mumewe. Jana Ferdinand alipopata habari ya kifo aliomba mshahara wake wa kwanza na avansi, malipo ya mbele, ya miezi minne, na saa tisa alasiri akaiweka mali yote mbele ya wazee wa Célestin kule Kampene, nao wakaipokea. Célestin mwenyewe alibeba jeneza mpaka kwenye lori, naye yuko pamoja nasi.

Familia inawashukuru waganga wa dispansari ya Kampene, wafanyakazi wenza wa Célestin na wa Ferdinand, Mama Mwanahamisi na majirani wote walioacha majiko yao kuja kupika hapa, na Hamisi aliyeendesha usiku kucha.

Adolphine, mali yako haikuliwa bure, lakini ilichelewa, utusamehe, upumzike kwa amani kwa mama yako.

Aliingia katika uwanja huu leo, Alhamisi tarehe 1 Oktoba 1959, saa mbili asubuhi, na furushi la nguo zake limefungwa.