Mkwaruzo wa Moris ya Meneja

Barazani kwa Hatibu seremala, pale Ngamiani, hakukosekani kesi, na asubuhi hiyo kesi ilikuja na magurudumu manne. Idarusi, dereva wa meneja mmoja wa mkonge akaaye Raskazone, aliegesha Moris nyeusi mbele ya benchi, akashuka, wala hakuketi. Mlangoni mwa gari palikuwa na mkwaruzo mwembamba, urefu wa kidole. Jana mchana alimpeleka mamaye msibani Tongoni kwa gari hilo bila ruhusa, njia yenyewe miiba mitupu; leo alfajiri ndipo akauona. Meneja alilitaka gari saa nne. Sasa ilikuwa saa tatu, na kazi ya miaka sita ilikuwa mashakani.

— Kaa unywe kahawa kwanza, alisema Sadalla, aliyeitwa Mombasa kwa kuwa aliwahi kukaa huko wiki mbili.

— Kahawa gani, bwana? Saa nne hiyo yaja!

— Hilo dogo. Mombasa wanasugua kwa unga wa meno na kitambaa laini. Nimeona kwa macho yangu.

Idarusi akasugua. Mkwaruzo ukafifia, ukabaki kama unywele. Angewasha gari hapo hapo akaenda zake, yangekwisha. Lakini akarudi kuutazama mara ya tatu, mara ya nne.

— Bado waonekana, eti?

— Waonekana sana, alisema Methusela, fundi baiskeli, ambaye wenziwe walimwita Spana. Rangi ya gari ni ngozi hiyo. Itie mafuta ya nazi na masizi ya sufuria, itajifunga yenyewe.

— Kwani gari lina kidonda?

— Wewe ulipochubuka goti, nani alikupaka rangi?

Masizi yakapakwa. Likatokea doa lisilong'aa, na Idarusi akazidi kuhema.

— Hebu pisheni, alisema Mzee Hatibu, akatoka ndani na ngozi ya papa, ile ile anayolainishia vitanda. Mbao, bati, kazi ni moja.

Kwaru, kwaru, kwaru.

— Mzee Hatibu, rangi yatoka!

— Ndiyo itoke! Kitanda hakilainiki kwa kubembelezwa.

Alipoinua mkono, bati tupu lilikuwa linameta, upana wa sahani ya wali. Idarusi akashika kichwa kwa mikono miwili.

— Tusugue na mlango wa pili, alisema Mombasa. Ikifanana, bwana atadhani ndivyo lilivyotoka kiwandani.

— Tusugue gari zima! alisema Spana.

Hapo akafika Ernesti, mtunza bustani wa meneja, juu ya baiskeli, jasho linamtiririka.

— Shikamoo, Mzee Hatibu.

— Marahaba.

— Idarusi, nimekutafuta mji mzima! Bwana anasema ule mkwaruzo usihangaike nao. Ni yeye mwenyewe, jana jioni, alilikwaruza getini akitoka klabu. Aliona haya kukwambia.

Idarusi akaketi, mara ya kwanza tangu afike. Ernesti akalizunguka gari, akainama.

— Sasa hapa pamefanywa nini?

Mombasa alitazama ndani ya kikombe chake, na hakikuwa na kitu. Spana alikuwa ameshaondoka. Mzee Hatibu aliivuta ngozi ya papa polepole, akaikalia.