Maisha ya Mama Getruda Semboja, Mpishi wa Sikukuu ya Juni

Marehemu Getruda Semboja alizaliwa tarehe 12 Machi 1953 huko Dindira, wilaya ya Korogwe, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa Mzee Semboja na Mama Grasiana. Masika yalikuwa ndiyo yanaanza. Mama yake alipenda kusimulia kwamba mkunga alifika amelowa chapachapa, akaomba uji kwanza ndipo amshike mzazi, na kwamba Getruda alimsubiri mpaka akamaliza bakuli. Ndugu zake walisema tabia hiyo hakuiacha kamwe. Mgeni akifika kwake, alikula kwanza, na shida yake ikasikilizwa baadaye.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Dindira na kumaliza darasa la saba mwaka 1967. Hakupata nafasi ya sekondari, jambo ambalo halikumliza, kwa sababu tayari mikono yake ilikuwa imeshachagua. Mwaka 1969 aliteremka Korogwe mjini kwa shangazi yake, aliyekuwa na cherehani barazani pale Manundu. Joto la bondeni lilimtesa wiki za mwanzo, akawa anashona miguu ikiwa ndani ya beseni la maji. Shangazi alimfundisha kukata na kupima, lakini kushona moja kwa moja bila kuchora alikuja nako mwenyewe kutoka mlimani. Alishona sare za shule, magauni ya harusi na mashuka ya hospitali, na kazi hiyo aliifanya kwa zaidi ya miaka arobaini.

Ni barazani hapo alipomfahamu Yordani Nandonde, mkata mkonge, aliyeleta kaptura iliyochanwa na miiba. Wiki iliyofuata akaileta tena, imechanika mahali palepale. Mara ya tatu shangazi alimwambia Yordani kwamba mkonge wa siku hizi una akili sana, unajua kuchagua mahali pa kuchana. Yordani alikuwa Mmakonde wa Mueda, Msumbiji. Alivuka Ruvuma akiwa kijana mwaka 1965, pamoja na mjomba wake, wakikimbia vita ya ukombozi, na mama yake akabaki nyuma.

Mzee Semboja hakuipenda posa ile. Hakumtukana kijana wala kabila lake. Alimwita binti yake pembeni, akamwambia kwa Kishambaa jambo ambalo marehemu alilikumbuka maisha yake yote: kwamba mtu aliyekuja kwa sababu ya vita, vita ikiisha atarudi, na yeye atabaki na watoto mkononi. Getruda alijibu kwamba amesikia. Walifunga ndoa kanisani Korogwe tarehe 24 Agosti 1974, na Mzee Semboja alihudhuria na kucheza, ila neno lake hakulifuta.

Mwaka uliofuata, tarehe 25 Juni 1975, Msumbiji ikapata uhuru. Katika kambi ya mkonge walikuwepo Wamakonde na Wamakua wengi, nao waliamua kuisherehekea siku hiyo hapohapo walipo. Mtu mmoja alileta kutoka Dar es Salaam picha ya rangi ya bendera mpya, yenye mistari ya mshazari inayotoka kwenye kona kama miale, na ndani ya kona ile gurudumu, kitabu, jembe na bunduki. Kushona wakampa Getruda, mke wa mwenzao. Alinunua vitambaa, cha kijani, chekundu, cheusi, cheupe na cha njano, akaimaliza kwa siku mbili. Walipoikunjua waliona jembe lipo na kitabu kipo, lakini bunduki haipo. Alikuwa na mimba ya mtoto wake wa kwanza. Aliwaambia bunduki hashoni, mtoto hatalala nyumba moja na bunduki, hata ya kitambaa. Wanaume walitazamana. Mzee Jacob, aliyekuwa mkubwa wao, akasema basi, hiyo ndiyo bendera ya hapa.

Siku hiyohiyo alijaribu kuwapikia ugali wa muhogo, chakula cha kwao wageni hao. Yeye wa milimani alijua ndizi na mahindi. Aliusonga kama wa mahindi, akauacha jikoni uive vizuri, ukavutika kama gundi. Wageni walikula kimya, kwa heshima, mpaka Mzee Jacob akamwambia, "Shemeji, huu tungebandikia bendera ukutani, usingehitaji misumari." Kisha akaenda naye jikoni akamfundisha: maji yachemke kwanza, unga utiwe, usongwe upesi, usiachwe jikoni. Tangu mwaka huo hakuna Mmakonde aliyelalamika tena.

Sherehe ile ilikuwa na mwisho wake. Baada ya kula na ngoma, mkubwa wao alisimama, akageukia upande wa kusini, akasema, "Mwakani, kwetu." Wote wakaitikia, "Kwetu." Kila mwaka walifanya hivyo. Na kila mwaka Mama Getruda, akiwa na sufuria mkononi, alikumbuka neno la baba yake. Alikuja kuwasimulia wanawe kwamba siku hiyo alipika kwa furaha tangu asubuhi, lakini maneno hayo yakikaribia alitafuta sababu ya kwenda kuosha vyombo.

Mungu aliwajalia watoto watatu: Deogratius aliyezaliwa Novemba 1975, Janeth mwaka 1979 na Obadia mwaka 1983. Mwaka 1987, shamba la mkonge lilipopunguza wafanyakazi, familia ilihamia Kwamsisi, Handeni, kulima mahindi na kunde. Mzee Jacob alihamia pamoja nao. Kule wenyeji ni Wazigua, Waislamu, na hawakuwahi kuiona sikukuu ile, lakini harufu ya mchuzi wa korosho iliwaleta. Jirani yao, Bi. Hamisa, alikuwa wa kwanza kuuliza kama sherehe ya nchi ya watu inaruhusu jirani kuleta kuku. Akaambiwa inaruhusu. Tangu hapo sikukuu ya Juni ikawa na kuku wa Bi. Hamisa.

Vita nyingine iliyoivunja Msumbiji ilipokwisha, njia zikafunguka. Aprili 1994 Mzee Jacob aliamua kurudi kwao moja kwa moja, na Yordani akafuatana naye ili akamwone mama yake. Alimwambia mkewe kwamba atarejea kabla ya tarehe ishirini na tano Juni. Mama Getruda alimfungia nguo, akamshonea mfuko wa ndani wa kuwekea nauli. Mei ikapita bila habari, Juni ikaingia, na watu wakaanza kumwonea huruma kwa sauti ya chini, jambo ambalo yeye aliliona baya kuliko dhihaka.

Asubuhi ya tarehe 25 Juni alitoa bendera sandukuni, akaitundika juu ya mlango, akabandika maji ya ugali. Bwana Sufiani, shemeji yake Bi. Hamisa, mtu wa mizaha, alikuwa anapita na baiskeli. Akasimama.

"Mama Deo, sherehe ya nchi ya watu, na mwenye nchi mwenyewe hayupo?"

"Mwenye nchi hayupo, lakini njaa ipo," alimjibu. "Shuka ule."

Bwana Sufiani alishuka. Walikuja na wengine, wakala, wakacheka. Ilipofika mwisho, watu walitazamana, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kusimama na kuyasema yale maneno. Mama Getruda hakuyasema. Alikusanya vyombo, na Bi. Hamisa akamfuata kwenye kichanja cha kuanikia, akamuuliza kwa nini amejipa taabu yote ile. Alimjibu kwamba kama mwaka huo asingetundika, angekuwa amekubali mwenyewe kwamba mumewe harudi, na yeye alikuwa bado hajakubali.

Yordani alirudi tarehe 17 Desemba 1994, amekonda, na mfuko wa korosho begani. Alimkuta mkewe anapepeta kunde. Alimwamkia, akakaa chini, na baada ya kula akaeleza kilichomweka. Mama yake alikuwa mgonjwa. Alimuuguza mpaka Novemba, akamzika. Akaeleza pia kuhusu tarehe ishirini na tano Juni kule kwao. Walimpokea vizuri, wakamkalisha pamoja na wageni. Aliitafuta bendera, akaona wanayopandisha ina mistari ya kulala. Alipouliza, kijana mmoja alicheka, akamwambia ile ya mshazari ilibadilishwa zamani, na mzee ametokea wapi hata hajui. "Mdomo ukasema Korogwe kabla sijafikiri," alimwambia mkewe.

Kisha akamweleza jambo ambalo Mama Getruda alilirudia mara nyingi kuliko yote. Tarehe 9 Desemba, sikukuu ya Uhuru wa huku, Yordani alikuwa Mueda sokoni, akakutana na mfanyabiashara wa mitumba kutoka Newala. Wakapika wali wakiwa wawili tu, wakafungua redio wakatafuta stesheni ya Tanzania, ikasikika kwa kukatakata. Walipomaliza kula, Yordani alisimama kwa mazoea, akasema, "Mwakani, kwetu." Yule wa Newala akaitikia. Ndipo Yordani alipogundua kwamba amesimama anatazama kaskazini. Kesho yake asubuhi alianza safari.

Mama Getruda alikwenda sandukuni akatoa bendera na mkasi. Alisema, kama ya kwao imebadilika, ataifumua ashone mistari ya kulala, kitambaa kinatosha. Yordani alimshika mkono. "Usiifumue," alimwambia. "Hii ndiyo tuliyoishi nayo."

Mzee Jacob hakurudi tena, kwa hiyo Juni 1995 Yordani ndiye aliyekuwa mkubwa. Wakati ulipofika alisimama, na mkewe kama kawaida akashika sufuria aende kuosha. Yordani alimwambia aiweke chini. Hakugeukia kusini wala kaskazini. Alisema, "Mwakani, hapahapa." Watu wa Kwamsisi, ambao hawakuwahi kuambiwa waitikie nini, waliitikia, "Hapahapa." Mama Getruda hakuenda kuosha vyombo siku ile, na wala hakuenda tena mwaka wowote uliofuata. Mzee Semboja alikuwa hai bado, mzee sana. Alipopelekewa habari hizo Dindira, alisema Yordani sasa aje achukue mbuzi wake wa harusi, maana yeye mkwe ndiye aliyechelewa kumpa.

Familia ilirudi Korogwe mwaka 2001 na kujenga Kilole. Mzee Yordani alifariki tarehe 14 Februari 2012, akazikwa hapa. Wengi walidhani sikukuu ya Juni imezikwa naye, maana hapakuwa tena na hata mtu mmoja aliyezaliwa Msumbiji. Ilipofika tarehe ishirini na tano, bendera ilikuwa juu ya mlango. Mwaka 2017 dereva kijana wa lori, mtu wa Pemba ya Msumbiji, aliiona kutoka barabarani alipokuwa ananunua machungwa, akaja kubisha hodi. Alisema bendera ya aina ile aliiona kwa babu yake tu. Alikula sahani mbili, kisha akauliza bibi ni wa Mueda au wa wapi.

"Mimi Msambaa wa Dindira. Ruvuma sijaiona hata kwa picha."

"Sasa bibi, hii sikukuu inakuhusu nini?"

"Nimeipika tangu siku ya kwanza," alimwambia. "Wewe ulikuwepo?"

Kijana alikiri hakuwepo, akaongezwa mchuzi.

Marehemu alianza kusumbuliwa na kisukari na shinikizo la damu mwaka 2016. Alifuata masharti ya daktari kwa uaminifu, isipokuwa siku moja kwa mwaka. Mei 2025 moyo ulidhoofika akalazwa hospitali. Alijua kwamba mwaka huu sikukuu inatimiza miaka hamsini, na hicho ndicho alichokuwa akiomba, kufika. Daktari alipotaka kumwongezea siku, alimweleza kwa upole kwamba tarehe ishirini na tano ana wageni. Aliruhusiwa tarehe 20 Juni. Wanawe wanawashukuru madaktari na wauguzi kwa subira waliyokuwa nayo kwa mgonjwa aliyekuwa anawauliza kila asubuhi ni tarehe ngapi.

Siku yenyewe alikaa kwenye kiti barazani, amevaa kitenge chake cha kijani. Bi. Hamisa aliletwa kutoka Kwamsisi kwa bodaboda, na kuku wake kwenye kikapu. Janeth alisonga ugali. Tangu baba yao afariki, aliyesema maneno ya mwisho alikuwa Deogratius. Mwaka huu alimwomba mama aseme yeye, kwa mara ya kwanza. Alikataa. Alisema miaka yote maneno hayo yalisemwa na wenye kwao. Bi. Hamisa akamuuliza, na yeye kwao ni wapi kama si hapo alipokaa? Mama Getruda alicheka, akashika mkono wa kiti, akasimama.

"Mwakani Janeth ndiye atakayesonga," alisema. "Asiuache jikoni."

Wote waliitikia, "Hapahapa."

Alifariki nyumbani kwake Kilole, asubuhi ya Alhamisi tarehe 3 Julai 2025, akiwa na umri wa miaka 72. Siku mbili kabla, wanawe walimuuliza kama angependa afunikwe na bendera ile. Alishangaa. "Mkinifunika nayo, mwakani mtatundika nini?" Kwa hiyo leo jeneza lake limefunikwa kwa kitambaa cheupe alichokishona mwenyewe, na bendera imekunjwa, iko sandukuni.

Ameacha watoto watatu, Deogratius, Janeth na Obadia. Wajukuu tisa na vitukuu wawili. Kaka zake wawili wa Dindira. Rafiki yake wa miaka mingi Bi. Hamisa, na majirani wa Kilole na Kwamsisi, ambao wanaombwa wasisubiri mwaliko tarehe ishirini na tano Juni.

Mungu ampe mama yetu pumziko la amani, ubavuni mwa mumewe, hapahapa.