Pedali Inauliza Umechomeka Wapi

Benchi letu liko mbele ya duka la Kinyozi, na ubao wake wa katikati umebonyea kwa sababu hapo ndipo hukaa wenye hoja nzito. Asubuhi hiyo hapo katikati hapakukalika. Palikuwa na pedali ya efekti, kile kisanduku cha chuma ambacho mpiga gitaa la besi hukikanyaga kwa mguu ili sauti inenepe, ingurume au ikwaruze, kulingana na alivyoamka. Mwenyewe ni Chini-Chini, mpiga besi wetu, aliyepata jina hilo kwa sababu hata akisalimia huanzia noti za chini. Waya mmoja ulitoka kwenye gitaa ukaingia kwenye pedali, mwingine ukatoka kwenye pedali ukaingia kwenye amplifaya ya Kinyozi, ile anayotangazia bei za kunyoa. Jana yake Chini-Chini alikwenda kujaribu vyombo kwenye chumba cha kurekodi cha Idara ya Utamaduni. Wakaichomeka pedali moja kwa moja kwenye mashine ya kurekodi, bila amplifaya, na besi ikatoka kama mbu aliyefungiwa kwenye kopo. Fundi mitambo akamwambia: kaitengeneze, kesho urudi. Kesho yenyewe ndiyo hiyo leo. Na leo mchana, si siku nyingine, Shangazi yake anarekodi wimbo wake. Keshokutwa analazwa apasuliwe koo, na daktari alipoulizwa kama sauti itarudi, alijibu kuhusu jambo jingine.

— Piga tena, alisema Kinyozi, wembe mkononi.

Chini-Chini akapiga. Amplifaya ikanguruma, vioo vya duka vikatetemeka, na mteja mwenye povu kidevuni akajishika shingo.

— Sasa hiyo ina kasoro gani? Hiyo ni besi ya kuhamisha ukuta! Hao wa Idara masikio yao yana nta.

— Ndiyo shida yangu, kaka. Hapa inalia. Kule hailii.

— Tuanze na suala la msingi, alisema Katibu.

Katibu ni mstaafu wa ofisi ambayo kazi yake hatukuwahi kuielewa, na nina hofu hata ofisi yenyewe haikuielewa. Huja kijiweni na mkoba. Ndani ya mkoba kuna kikombe chake.

— Hicho kisanduku kilitambulishwa kule?

— Kitambulishwe kwa nani, mzee?

— Kwa mashine. Huwezi kuingia kwenye mtambo wa Idara hivi hivi kama unaingia bafuni kwako. Kuna ngazi. Unapitia mapokezi, mapokezi yanakupeleka kwa mhusika, mhusika yuko safari.

— Katibu, ile ni jeki, kichwa cha waya. Unachomeka tu.

— Ndivyo walivyosema wote ambao mpaka leo wamekaa kwenye korido.

Waya, ambaye hutengeneza redio kwenye kibanda kilichoegemea duka, aliweka kikombe chini. Waya huwa hazungumzi mpaka kahawa imfike miguuni.

— Mnazunguka bure. Ni umeme. Umeme wa mtaa huu ni mzito. Umepita kwenye mashine za kusaga na za kuchomelea vyuma kabla haujafika hapa, umeshiba. Ule wa Idara ni mwepesi, wa maofisini, umezoea feni na kupiga mihuri. Besi itanenepaje kwa umeme wa kupiga mihuri?

— Mhuri hupigwa kwa mkono, alisema Katibu. Ilimgusa.

— Basi ndiyo maana unachelewa.

Tukacheka, isipokuwa Chini-Chini. Alikuwa ameinama juu ya pedali, akizungusha vitufe kama mtu anayetafuta kituo cha redio kilichofungwa. Tangu alfajiri vitufe hivyo vilikuwa vimepita mikononi mwa kila mtu. Pedali ile ina mahali pa kuhifadhi sauti, na kijiwe kilikuwa kimejihifadhi chote humo: kulikuwa na Sauti ya Kinyozi, iliyovuma kama kuna lori linarudi nyuma, Sauti ya Waya, yenye mikwaruzo, na Sauti ya Katibu, isiyotoa chochote. Mwenyewe alisema hiyo ndiyo yenye heshima.

— Kwani lazima hiki kidude? aliuliza Kinyozi. Chomeka gitaa kavu, piga, mmalize, mama wa watu akapumzike.

— Kavu halitamfaa. Shangazi sauti imeshuka, haipandi tena. Ameniambia nimtandikie pale chini, pawe panene, aegemee. Besi ikiwa nyembamba atalazimika kusukuma kwa koo. Na akisukuma...

Kinyozi akarudi kwa mteja wake haraka, ingawa mteja hakuwa amemwita.

Simu ya Chini-Chini ikalia. Akaiweka spika ili mikono ibaki kwenye vitufe, na sisi sote tukanyamaza kwa sababu tulimjua anayepiga. Daktari amemkataza Shangazi kusema neno hata moja mpaka wakati wa kuimba. Kwa hiyo hupiga simu na kugonga kwa kucha: mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

— Shikamoo, Shangazi.

Tok.

— Umekunywa dawa?

Tok.

— Koo linauma?

Kimya. Tukasubiri. Waya aliacha kutafuna tangawizi.

— Shangazi? Koo linauma?

Tok, tok.

— Haya. Mimi niko kwenye pedali hapa, iko karibu kuwa sawa. Usiwe na wasiwasi.

Tok, tok. Kisha simu ikakatika, na hatukujua hiyo hapana ilikuwa ya swali gani.

— Umemdanganya, alisema Waya.

— Sasa ulitaka nimwambieje? Ana pumzi ya kuimba mara moja, labda mbili. Fundi wa kule mwenyewe kasema: tukishaanza, hatuna kurudia kwa ajili ya besi.

Katibu akammiminia kahawa, jambo ambalo si kawaida yake, akaijaza mpaka ikamwagika.

— Mimi nawaambia ukweli, alisema Kinyozi, aliyekuwa ametoka tena nje na kumwacha mteja nusu amenyolewa. Kuna mambo hamyajui ya hizi mashine za kurekodi. Zinachagua. Unadhani inachukua vyote unavyoipa? Thubutu! Inakula nyama, inakurudishia ganda. Hiyo besi nene ya jana iko humo humo ndani, imeimeza. Mashine inakula sauti ya mtu hivi hivi unaitazama. Ndiyo maana waimbaji wengi wakisharekodi tu...

Akasikia alichosema. Wembe ukabaki hewani. Waya alimtazama kwa macho ya kumnyoa bila povu.

— Nazungumzia besi, alisema Kinyozi taratibu. Besi tu.

Chini-Chini alikuwa amegeuza uso kwenye kioo kidogo cha pedali, akibonyeza kitufe kimoja, tena na tena, ukurasa baada ya ukurasa, ili tu asituangalie. Kidole chake kikasimama.

— Hapa kuna kitu kinauliza.

— Kinauliza nini?

— Umechomeka wapi. Kwenye amplifaya au kwenye mashine ya kurekodi.

— Nani kakiruhusu kiulize? alisema Katibu.

— Ngoja, ngoja. Amplifaya ina spika yake. Si ndiyo? Sauti ikifika pale, spika inaikanda, inaipa mwili. Mashine ya kurekodi haina spika. Kwa hiyo ukienda kule, pedali inatakiwa ijifanye yenyewe ndiyo spika. Jana ilidhani bado iko kwenye amplifaya. Haikujifanya. Ikapeleka sauti uchi.

Waya alijipiga paja.

— Kwa hiyo tangu alfajiri tumekaa hapa tunamtibu asiyeumwa! Kwenye amplifaya ilikuwa nzima muda wote!

— Basi nafuta sauti zenu zote, narudisha kama ilivyotoka dukani, nabadilisha jibu.

— Na sauti yangu? aliuliza Katibu.

— Hasa yako, mzee wangu.

Akabonyeza. Akapiga uzi wa juu kidogo, akapiga ule mnene kabisa. Jamani! Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayezungumza chini ya godoro. Nzito, butu, haina mdomo.

— Rudisha! alipiga kelele Kinyozi. Rudisha haraka kabla hakijaharibika!

— Hapa lazima iwe mbaya. Ni spika juu ya spika. Pedali inajifanya spika, halafu na ya kwako inaongeza yake.

— Na kule itakuwa nzuri? aliuliza Katibu.

— Itakuwa.

— Umeisikia ikiwa nzuri?

— Nitaisikiaje? Hapa kuna mashine ya kurekodi?

— Kwa hiyo unampelekea shangazi yako kitu ambacho hapa tumekisikia wote, tukiwa na akili timamu, kuwa ni kibovu, alisema Katibu. Kwa sababu kisanduku kimekuahidi.

— Hakijaahidi. Kimeuliza, mimi nimekijibu.

— Ile ya kwanza ilikuwa inanguruma, alisema Kinyozi. Shahidi ni mimi na mteja wangu.

Mteja akaitikia kwa kichwa kutoka ndani, povu limekauka.

— Tupige kura, alisema Katibu.

Kura zikapigwa. Kinyozi alitaka ile iliyonguruma. Katibu alitaka jambo liahirishwe. Waya, aliyekuwa ameelewa, alinyoosha mkono nusu kisha akaushusha.

— Kwa akili naona ana haki, alisema. Kwa masikio siwezi. Nisamehe, mdogo wangu.

Chini-Chini akapeleka kidole kwenye kitufe ili abadilishe. Akakirudisha. Akakipeleka tena. Kwa uso wake ungedhani kitufe kile kimeunganishwa na chumba cha upasuaji.

Hapo gari la Idara likasimama mbele yetu. Tulilijua kwa namba zake na kwa dereva wake, ambaye hakuzima injini wala hakusalimia. Tulidhani limemfuata Chini-Chini peke yake. Mlango wa nyuma ukafunguka, akashuka Shangazi.

Shangazi hajawahi kukanyaga kijiweni. Miaka yote amepita ng'ambo ya barabara, macho mbele, kana kwamba sisi ni tangazo la mnada. Sasa alikuja moja kwa moja, kitambaa cheupe kimezungushwa shingoni, mkono mmoja umekishika pale chini ya kidevu. Tukasimama wote. Shikamoo zikatoka kwa pamoja, hata ya Katibu, ambaye kwa umri alipaswa kupokea. Shangazi akaitikia kwa kichwa. Tulimpisha benchi zima, hakukaa.

Akatazama gitaa. Akamwonyesha Chini-Chini kwa vidole viwili: piga.

Chini-Chini akatutazama sisi, kama mtoto anayeulizwa jambo mbele ya wageni. Akapiga mwanzo wa wimbo wa Shangazi, ule wa kushuka polepole. Besi ikatoka chini ya godoro, ikatambaa, ikafa kwenye miguu yetu. Kinyozi aliangalia wembe. Waya aliangalia barabara. Katibu alikuwa ameshika kikombe kitupu kwa mikono miwili, kama watu wanavyokishika wakiwa wamekwenda kwenye nyumba ya watu kutoa pole.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Hakuisikiliza besi. Alipitia kwa macho uso mmoja mmoja, wa Kinyozi, wa Waya, wa Katibu, wangu, hata wa yule mteja mwenye nusu ya ndevu, akamalizia kwa mtoto wa kaka yake. Kisha mkono wake ukaacha kitambaa.

Chini-Chini aliona linalokuja, akanyanyua kiganja kumzuia.

— Shangazi, usi...

— Kafa nani?

Sauti ilikuwa ya mchanga, imetumika kwa maneno mawili tu, na tulihisi sote kuwa imepungua.

Katibu akarudisha kikombe chake mkobani. Tulikuwa na majibu ya umeme, ya mashine na ya mihuri. La hilo hatukuwa nalo, au tulikuwa nalo na hakuna aliyetaka liwe lake. Shangazi alisubiri, wala si kwa hasira, kama mtu aliyeuliza saa na anaamini yupo mwenye saa.

Chini-Chini akachomoa jeki. Pedali akaiweka kwapani bila kubadilisha kitu, gitaa begani, akaenda kusimama karibu naye. Shangazi akamfungulia mlango wa gari.