Mama Ova: Miaka Thelathini na Mitatu Kwenye Redio ya Upepo

Tarehe 30 Juni, saa nane mchana, opereta mkuu wa chumba chetu cha mawasiliano atavua vifaa vyake vya masikioni na kustaafu rasmi. Amewatumikia wagonjwa na madereva wa magari ya dharura kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Kwenye orodha ya watumishi ana jina lake kamili, lakini ukilitaja getini, mlinzi atakuuliza ni nani huyo. Sisi wote tunamwita Mama Ova.

Mumewe, fundi cherehani, ndiye shahidi wa asili ya jina hilo. Anasema mwaka wa kwanza wa kazi mkewe alimwomba chumvi mezani akamalizia na "ova". Watoto nao walizoea: wakitumwa dukani, hawaondoki mpaka walisikie neno hilo. Kwa lugha ya redio, "ova" maana yake nimemaliza kusema, sasa zamu yako. "Aut" maana yake nimemaliza na sihitaji jibu. Kwa hiyo mtu anayesema "ova na aut", kama wanavyopenda waigizaji wa sinema, anamkaribisha mgeni huku anamfungia mlango. Ukitaka kumwona Mama Ova amekasirika, sema hivyo mbele yake.

Upole anaojulikana nao redioni haukuanza na furaha. Mwaka wake wa tatu kazini, mwashi mmoja alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Mama Ova akaita gari namba mbili, dereva akajibu, "Roja." Mama Ova akaweka alama ya vema kwenye fomu, akapokea simu nyingine. Dakika ishirini na sita baadaye msimamizi wa ujenzi alipiga tena kuuliza gari liko wapi. Gari lilikuwa kwenye karakana, tairi la nyuma limefunguliwa. Mwashi alipona, ila mguu ulikatwa chini ya goti.

Mbele ya kamati ya uchunguzi dereva alisema, "Nilisema nimesikia. Sikusema naenda." Mama Ova hakubishana naye. Alikwenda hospitali kumwona yule mwashi, akakaa pembeni ya kitanda chake, akamweleza ukweli wote bila kujitetea. Mwashi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Dada, basi katengeneze hilo neno."

Akaanza kulitafuta. Karibu na soko aliishi fundi redio aliyewahi kuwa opereta kwenye meli za mizigo, na kwa Jumamosi tatu mfululizo Mama Ova alimfuata kibandani kwake. Huko alijifunza kwamba zamani, ujumbe ulipopita kwa milio ya nukta na mistari, opereta alijibu kwa herufi R kuonyesha ameupokea. Watu walipoanza kuzungumza kwa sauti, kila herufi ilipewa neno la kuitambulisha ili isichanganywe na nyingine, na R ikapewa jina la mwanamume, Roja. Baadaye orodha ile ilibadilishwa, lakini Roja alikuwa ameshazoeleka, hakutoka. Kwa hiyo dereva alikuwa sahihi. Roja ni nimepokea, basi. Si ndiyo, si sawa, si naja.

Mama Ova alirudi na pendekezo: dereva anayekwenda aseme "wiliko", yaani nimesikia na ninatekeleza. Asiyeweza aseme "negativu" na sababu yake. Bosi wa wakati ule alimwambia hayo ni maneno tu. Mama Ova akaandika roja, wiliko na negativu kwa mkono wake kwenye vipande vya kadibodi, akavibandika ndani ya magari yote, na kila aliyejibu "roja" aliulizwa tena kwa upole, "Umesikia, au unakwenda?" Madereva walinung'unika miezi minane. Mwezi wa tisa bosi alitia saini, na mpaka leo ndiyo kanuni yetu.

Mimi ninayeandika haya ni mhudumu wa gari namba nne, na nina deni langu la heshima kwake. Mwaka wangu wa kwanza nilibonyeza redio nikatania, "Mayday, mayday, njaa inatuua." Mama Ova hakucheka. Aliniuliza tuko wapi, tuko wangapi, nani ameumia, kisha akatuma gari la zimamoto. Lilitukuta mgahawani, king'ora kikilia, sahani ziko mezani na wateja wote wametugeukia. Jioni aliniita akanieleza kwamba neno lile lilitokana na Kifaransa, nisaidieni, lilichaguliwa na watu wa ndege miaka mia moja hivi iliyopita, na husemwa mara tatu ili lisidhaniwe kuwa neno jingine. "Ukilizoesha utani," alisema, "siku ukilihitaji watu watacheka."

Mwaka uliofuata nililihitaji. Ilikuwa asubuhi ya mvua kubwa, tumembeba mama mwenye uchungu wa kujifungua, maji yakatusukuma kutoka barabarani na kutubana kwenye nguzo ya daraja. Nililisema mara tatu. Njia nzima ya redio ikanyamaza.

"Gari nne, nimekupata. Mko wangapi na maji yamefika wapi? Ova."

"Wanne. Yamefika kwenye viti. Mgonjwa anajifungua. Ova."

"Zimamoto wamesema wiliko. Tunza betri. Nitakuita kila dakika tatu. Ukishindwa kusema, bonyeza kitufe mara mbili. Ova."

Aliniita mara kumi na tatu. Sauti yake haikupanda hata mara moja. Mara nne za mwisho nilibonyeza tu, maana mikono yangu na ya muuguzi ilikuwa imemshika mtoto juu ya maji. Watu wa zimamoto walitutoa kwa kamba, wote watano. Baadaye nilisikia kwamba tulipofika nchi kavu Mama Ova alimkabidhi mwenzake kiti, akaenda chooni, akakaa huko robo saa. Kisha akarudi akamaliza zamu.

Amefundisha maopereta sitini na mmoja. Hakuna aliyewahi kumsikia akimfokea mtu redioni.

Wiki iliyopita tulimuuliza anataka zawadi gani. Aliomba apandishwe gari namba nne azungushwe mitaa yote aliyotuelekeza. Alizijua kona zote kwa majina, lakini nyingi hakuwahi kuziona. Alikaa mbele, mkoba mapajani, anatazama. Tulipofika kwenye mteremko wa kiwanda cha matofali, ambako barabara ni nyembamba na shimo refu liko kushoto, akaniambia nisimame. Aliangalia chini muda mrefu.

"Kumbe hapa ndipo nilipokuwa nawaambia muongeze mwendo," alisema. "Na nyinyi mkanyamaza tu, mkaongeza."

Tuliongeza kwa sababu tulikuamini, Mama. Asante kwa kila jina la barabara, na kwa kila mtu aliyefika nyumbani. Nenda kapumzike na mzee, uzungumze mpaka uchoke. Mungu akujalie afya, na siku zako ziwe ndefu na tulivu.