Mashine Yenye Jina Langu

Sogeeni karibu, wanangu, sina sauti ya kuwafikia watu waliosimama mlangoni. Thadeus, acha kutazama saa. Ofisi yako ya Kisii itakuwapo kesho, mimi sijui. Nyamongo, mketishe mama yako pale penye mto. Fundi Yakub, ndugu yangu, umetoka mjini na huo mguu mbovu ukaja mpaka Magwagwa, nakushukuru. Wewe ndiwe shahidi, kwa sababu tulianza kazi hii pamoja na huna shamba la kugombea hapa. Na wewe Kemuma, mkaza mwanangu, kaa papo hapo ulipo, ndani ya chumba changu. Nimesikia wakinong'ona huko nje kwamba mzee Onchiri amepotewa na akili, kamwita mke wa mwanawe mpaka kitandani. Waacheni wanong'one. Akili ninazo, tena leo zinanichemka.

Ya shamba hayatatuchukua muda. Chai ya upande wa mto ni ya Thadeus, ya upande wa barabara ni ya Nyamongo, na nyumba hii ni ya mama yenu, wala mtu asije kumsumbua kwa habari ya mpaka au mti. Kilichonifanya niwaite ni ile karatasi aliyoniletea Thadeus siku ya Jumatatu, pamoja na kalamu, akaniwekea juu ya blanketi huku nahema, akaniambia nitie sahihi tu hapo chini. Tia sahihi tu! Mimi niliyekufundisha kusoma kila mstari, ukiwa bado na makamasi! Nimekasirika tangu Jumatatu hiyo, na nadhani ni hasira hiyo iliyoniweka hai mpaka leo Alhamisi.

Sikilizeni basi karatasi hiyo inataka nini, kwa maana hata aliyeileta sidhani anajua. Inataka michoro ya mashine yangu ya kusagia wimbi, na ruhusa ya kuandika jina langu juu yake.

Watu wa hapa hawakuijua kazi yangu kamwe. Niliporudi kutoka Uingereza mwaka wa sitini na tano na cheti cha ubunifu wa bidhaa za viwandani, wazee walikuwa wakimngoja daktari, au karani wa korti, au angalau mwalimu. Nikawaeleza kwamba nimesomea kuchora vitu kabla havijatengenezwa, kiti, taa, jiko, mpini wa jembe. Kumtazama mtu anavyoinama na anavyoshika, kisha kukichora kitu kimfuate yeye badala ya yeye kukifuata. Walicheka mpaka wakashika mbavu, wakaniuliza kama nilivuka bahari miaka minne kwenda kujifunza kiti. Na huko Nairobi, katika kiwanda kilichoniajiri baadaye, walinicheka vilevile, ila wao walicheka kwa Kiingereza. Jina la kiwanda hicho silitaji, halistahili kutoka kinywani mwa mtu anayekufa.

Mashine hiyo niliichora hapa hapa, kabla sijaajiriwa, kwa ajili ya mama yangu aliyesaga wimbi na mhogo mkavu juu ya jiwe, amepiga magoti, hadi magoti yakakataa kunyooka. Chuoni nilifundishwa kwamba kwanza umpime atakayekitumia kitu. Haya, nimpime nani? Mimi mwanamume Mgusii nipite nikishika mikono na mabega ya wake za watu kwa futi kamba? Na wengi wao walikuwa wake za wana wetu wa ukoo, ambao kwa ile heshima yetu tuiitayo chinsoni, mwanamume aliye kama baba mkwe wao hawagusi, wala hakanyagi ndani ya nyumba zao hata mvua ikinyesha mawe. Basi kazi hiyo aliifanya mama yenu. Persis aliwaita wanawake jikoni kwake siku zisizo za soko, akawapima kwa kamba za katani, fundo moja begani, fundo jingine kiwikoni, akaniletea kamba thelathini na moja bila kuniambia ipi ni ya nani. Ni yeye pia aliyeniambia jambo ambalo hakuna mwalimu wangu aliyelijua, kwamba mhogo ukikwama kwenye mdomo wa mashine, mwanamke hatafuti kijiti, anausukuma kwa kidole, kwa sababu watoto wana njaa.

Kwa hiyo nikachora wavu wa chuma juu ya mdomo, unaopitisha mhogo na kuzuia kidole. Na ile nati inayobana mashine nikaichora na masikio mawili, ili mtu aifungue kwa mkono mtupu papo hapo. Yakub akaifua mashine ya kwanza kwenye karakana yake, nawe Yakub ulinigombeza kwa sababu ya wavu huo, ukasema unakumalizia macho, lakini uliutia. Wanawake wa Magwagwa wakasagia mashine hiyo miaka miwili, na hakuna aliyevunjika hata ukucha.

Kisha nikawaazima wenye kiwanda michoro yangu. Wakautoa wavu, wakasema unaongeza bei. Wakaitoa nati yenye masikio, wakatia ya kawaida, ya kufunguliwa kwa spana, kana kwamba kila jiko la Nyamira lina spana ukutani. Gurudumu la kuzungushwa kwa mkono wakalifanya zito zaidi ili mashine ionekane ya maana dukani, na gurudumu zito ukiliachia halisimami, linaendelea kuzunguka lenyewe. Nikaenda kwa meneja na michoro mkononi. Akanisikiliza kwa adabu, akanimiminia chai, kisha akasema, "Bwana Onchiri, mwanamke mwenye akili hatii kidole kwenye mashine."

Nilipaswa kuondoka siku ile. Lakini baada ya wiki mbili waliniita nikaone gurudumu la kwanza likitoka kalibuni, na juu yake herufi za chuma, kubwa, zinang'aa: ONCHIRI. Nililipapasa jina langu, wanangu, nikavimba kichwa, nikanyamaza. Walininunua kwa herufi saba. Mkitaka kumlaumu mtu, msianze na meneja.

Nyamongo alipomwoa Kemuma, mwaka wa sabini na moja, nikawaletea mashine moja kuwa zawadi, toka kiwandani, na karatasi bado imeizunguka. Niliona haina wavu. Mimi! Nikasema nitautia Krismasi nikipata likizo.

Krismasi ile nilikuwa nimekaa kivulini, upande huu wa ua, niliposikia Kemuma analia. Haikuwa sauti ya kumkaripia mtu. Nilijua pale pale ni nini, nikaingia kwangu nikachukua spana, ya kumi na saba, nikakimbia mpaka mlangoni pa nyumba yao. Hapo nikasimama. Nyamongo alikuwa amekwenda Kenyenya, mama yenu alikuwa kituo cha majani chai, na ndani alikuwamo mke wa mwanangu peke yake, na mimi nilikuwa baba mkwe. Nikapaza sauti nikamwelekeza nati iko wapi, upande gani wa kugeuza, nikamrushia spana kizingitini, kama mtu ambaye mkono wake umeliwa na chuma anaweza kuinama kuokota spana. Akaniita. Aliniita mara moja tu, akasema, "Baba, ingia."

Sikuingia. Nilisimama pale mimi niliyejua kila skrubu ya mashine hiyo, nikimngoja Persis apande mlima, na kwa muda wote huo nilikuwa naitazama nati kupitia mlango uliokuwa wazi. Kemuma alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Daktari alisema kingekuwa kimoja kama mkono ungetolewa mapema.

Na mnajua wazee walifanya nini? Walinisifu! Walikuja hapa, wakakaa kwenye viti nilivyochora, wakasema Zachariah Onchiri ni mtu wa heshima, hata katika taabu kubwa hakuvuka kizingiti. Sifa hiyo nimeitapika miaka sita na bado imo tumboni. Heshima iliwekwa ili mwanamke astahiwe, si ili aachwe peke yake na damu yake, na mimi nilijificha nyuma yake kwa kuwa niliogopa kuliona jina langu kwenye lile gurudumu.

Niliacha kazi, nikaichukua michoro yangu, kiwanda kikasimamisha mashine. Sasa wanaitaka tena. Thadeus, usinikatize. Najua umesema kwamba mambo yamebadilika, kwamba kuna meneja mwingine, kwamba ni heshima kwa ukoo. Mimi nimeisoma karatasi yako mpaka ukurasa wa nne, kwenye mchoro. Wavu haupo! Nati ni ya spana! Wamebadilisha meneja, mashine ni ile ile, na wewe umekaa meza moja na huyu shemeji yako mara ngapi, ukamwona akimenya ndizi kwa vidole viwili, na bado ukaniletea kalamu?

Nipeni maji. Basi, yatosha.

Hili ndilo neno langu, Yakub, lishike. Michoro kumi na minne iliyo kwenye sanduku la bati siwaachii wana wangu. Namwachia Kemuma, pamoja na jina langu, alitoe au alizuie. Msiniambie kwamba mwanamke harithi. Harithi chai yenu wala ng'ombe wenu. Anarithi kitu alichokilipia kuliko sisi sote.

Kiwanda kikija, kisijibiwe na mwingine. Kije hapa hapa na mashine kinayotaka kuuza, siyo karatasi. Mashine iwekwe uani watu wote waone. Kemuma ashike gurudumu alizungushe. Na huyo meneja, yeye mwenyewe, asitume karani, atie mhogo mdomoni mwa mashine, na ukikwama, ausukume kwa kidole chake. Akifanya hivyo bila kusita, basi wavu upo, na Kemuma atie sahihi akipenda. Akiutazama mhogo, kisha akamtazama Kemuma, kisha akaanza kueleza... mpeni chai, mumsindikize mpaka barabarani.

Pumzi inaniishia. Thadeus, hasira zangu zisikufuate, wewe ni mwanangu, lakini uisome hiyo karatasi tena nikiwa nimelala ardhini. Nyamongo, mtunze mama yako. Persis... zile kamba zilikuwa kazi nzuri kuliko cheti changu, sikukuambia. Mungu awape nyumba ambazo mtu akiita, mtu anaingia. Awape mikono yenye kazi na... niinueni kidogo.

Kemuma. Njoo, nikubariki, lete mkono. Hapana, mwanangu, si huo. Lete ule wa kushoto.