Injini ya Papa Pierre-Claver

Méthode, wewe na mafundi wenzako vijana, acheni kucheka na msome. Mmeniomba niandike maneno ya kumuaga Papa Pierre-Claver kwa sababu mimi mpishi wenu namjua kuliko nyinyi wote. Sawa. Basi mjue kwanza kwamba zawadi yenu imemuumiza mzee.

Papa anastaafu tarehe 31 Oktoba, baada ya miaka ishirini na sita katika garaji yetu hapa Greyville. Alitoka Lubumbashi na begi moja na spana zake, akaanza kwa kuosha magari, leo ndiye fundi mkuu wa injini. Teksi zilizokataliwa kwingine zinaletwa kwake zikivutwa kwa kamba, zinaondoka zikinguruma. Ugali wangu anasema ni mgumu. Nimemsamehe.

Hakuna mteja aliyekaa hapa asisimuliwe mashindano ya Amerika ya mwaka 1909. Magari machache yaliondoka New York kwenda Seattle, nchi nzima, barabara matope matupu. Lililotangulia kufika lilipewa ushindi. Miezi ikapita, ikajulikana lilibadilishiwa injini njiani, na sheria ilikataza. Wakalinyang'anya ushindi. Papa akifika hapo hupangusa mikono na kusema, "Kumbe halikufika. Lilifika lingine." Watu wanacheka, lakini yeye hajawahi kugusa injini ya mtu bila kumuuliza mwenyewe.

Ile Toyota yake ya bluu aliinunua imekufa kabisa, akaifufua injini kidogo kidogo kila jioni baada ya kazi. Mwezi ujao anataka kuiendesha mpaka Lubumbashi, dada yake aione. Nanyi, mliosikia hadithi ile mpaka mkaichoka, mmeing'oa injini hiyo kwa siri, mkaweka nyingine na utepe mwekundu juu. Jana alifungua boneti, akatazama, akaifunga taratibu. Akasema asante. Chai yake akaiacha.

Méthode anasema ya zamani itamwacha njiani. Eish, ikimwacha si atashuka aitengeneze? Fundi ni nani kati yenu?

Papa, asante kwa kazi, na kwa jiko langu ulilolitengeneza mara nyingi bila kunung'unika. Nenda salama, upumzike vizuri, na ugali wa dada yako usiusifu kuliko wangu.

Nyinyi, injini yake iko nyuma kwenye vyuma chakavu, na mnunuzi anakuja Jumatatu. Vueni hayo mashati meupe ya sherehe mkairudishe leo. Sifunui sufuria mpaka niisikie inawaka.