Mzee Gogo Anatuachia Msitu wa Kale

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, bwana misitu wetu anastaafu. Jina lake lipo kwenye faili; sisi tunamwita Mzee Gogo, naye anaitika. Kalamu nimepewa mimi mama wa chai, kwa kuwa ndimi niliyekuwa namjazia chupa kila asubuhi. Shule yangu ni ndogo, mnivumilie.

Alianzia kwenye shamba la miti, ile iliyopangwa mistari kama gwaride. Hakudumu. Alisema miti yote kuwa rika moja, hilo ni bweni, si nyumba. Akaomba ahamie msitu wa kale ulio nyuma ya ofisi, ambao wenzake waliukimbia kwa siafu na matope. Huko akatulia kama maji ya mtungini.

Msitu wa kale ni upi hasa? Jamani, swali hilo limekula mapumziko yetu mengi ya mchana. Dereva alishikilia kwamba ni wenye miti minene. Karani akasema ni ule ambao shoka halijaufikia. Mzee Gogo akawaambia wote wamegusa, ila unene peke yake si ukale, maana wapo walionenepa tangu mwaka jana tu, na hapo akamtazama dereva tumboni. Kwake yeye msitu wa kale ni nyumba yenye kila rika: vikongwe, watu wazima, watoto wa juzi, hata marehemu, wengine wamesimama, wengine wamelala, na hakuna anayefukuzwa. Nilimwelewa papo hapo. Kwangu ndivyo tunavyoishi, ukiondoa hao marehemu.

Mwaka juzi makao makuu yakaleta kamati. Hoja yao ilikuwa kwamba miti mizee inaoza na kula nafasi bure. Ikatwe yote, ipandwe ya nguzo. Mimi, nisiwafiche, niliona wana haki. Binti yangu alikuwa ameanza kazi ya ulinzi chini ya Mzee Gogo, na kila upepo ukivuma roho yangu ilikuwa juu, maana mti mkavu ukianguka haupigi hodi. Nikamwendea Mzee na wasiwasi wangu. Hakunicheka. Kesho yake alipaka rangi nyekundu kila mti mkavu ulio karibu na njia, akamfundisha binti kutazama juu kabla ya kutazama mbele.

Siku ya kamati nilifuata nyuma na chai. Mzee Gogo alikuwa amekariri maelezo marefu, na alipofungua mdomo yakamtoka yote kichwani. Nikaona msitu ndio huo unakwenda, na yeye pia akaona, maskini, jasho likimtiririka. Mwenyekiti akachoka kusubiri, akajibwaga juu ya gogo kubwa lililolala pale. Gogo lilikuwa limeoza ndani. Likampokea, akazama makalio yote, magoti yakamgusa kidevu.

Wenzake walipokimbilia kumvuta, Mzee Gogo akawafokea wakae mbali, watamkanyagia watoto! Kumbe mgongo mzima wa lile gogo ulikuwa umejaa miche, imetia mizizi kwenye uozo uleule, kama wajukuu waliobebwa mgongoni na bibi yao. Ulimi ukamrudia. Akaeleza kila kitu: uyoga, vyura, ndege wanaozaa kwenye mashimo, na jinsi mti uliokufa zamani unavyoendelea kulea. Mwenyekiti angekwenda wapi? Alisikiliza hadi mwisho. Nikampa chai humohumo alimokwama, akaomba ya pili.

Alipochomolewa, suruali ikiwa haitazamiki, alisema kitu kinacholea hivyo baada ya kufa hawezi kukiita cha bure. Msitu ukabaki.

Kuanzia Jumatatu zamu ya msitu huo ni ya binti yangu. Bado naogopa, mama haishi kuogopa, lakini siku hizi upepo ukivuma nauombea msitu pia.

Mzee Gogo, asante kwa kumlea mtoto wangu na kwa kututunzia nyumba ile. Goti lako ulipake dawa, na kiti ukikague kabla ya kukaa. Tunakuombea uzee kama wa msitu wako: wajukuu wakujae mgongoni, usisogezwe pembeni, na isije siku kamati ikaketi kuuliza bado una faida gani.